Lugha ya Hati ya Kutengana kwa Mume na Mke: Mifano ya Kigoma na Ujiji

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi hati ya kutengana kwa mume na mke ifaavyo kuandikwa kwa Kiswahili, hasa miongoni mwa watu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwandishi ni mtu wa isimu, si mwanasheria, wala hakusudii kumfundisha hakimu kazi yake. Lakini hati ya namna hii, kabla haijawa jambo la sheria, ni maneno yaliyopangwa juu ya karatasi. Na neno lililowekwa ovyo laweza kumnyima mtu nyumba, kumtwisha deni asilolijua, au kumfanya aliyeolewa ajikute ameachwa. Kwa hiyo uchunguzi huu wa maneno ni uchunguzi wa haki pia.

Mwambao wa Kigoma umechaguliwa kwa sababu maalumu. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kuja ziwani, na Kiswahili kiliingia huko pamoja na biashara na dini ya Kiislamu. Leo msamiati wa ndoa wa huko una tabaka tatu. Kuna maneno yaliyokuja na fikihi, kama talaka, eda na mahari. Kuna maneno ya Kibantu yaliyo ya zamani katika lugha, kama kuoa, kuacha na kutengana. Tena kuna maneno ya ofisi na mahakama, kama mgawanyo wa mali ya ndoa, matunzo na usuluhishi. Juu ya hayo, wasemaji wengi wa mkoa huu walianza kusema Kiha kabla ya Kiswahili, na upande wa pili wa maji, kule Kalemie na Uvira, husemwa Kiswahili cha Kongo chenye desturi zake. Si ajabu basi watu wawili kutia sahihi chini ya neno moja, kila mmoja akiwa na maana yake moyoni.

I. Kuacha, kuachana na kutengana

Tuanze na jina la hati yenyewe. Kitenzi kuacha kina maana nyingi. Mvuvi akisema, "Nimemwacha mke wangu Ujiji," huenda maana yake ni kwamba yeye yuko safarini na mkewe yuko nyumbani. Lakini akisema, "Nimemwacha mke wangu," akanyamaza hapo, msikilizaji ataelewa kwamba ndoa imevunjwa. Katika mazungumzo, sauti, uso na mahali huondoa utata huo. Katika karatasi hakuna sauti wala uso.

Kwa Waislamu jambo hili ni zito zaidi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi katika Afrika Mashariki, hugawa maneno ya talaka sehemu mbili. Yako maneno ya wazi, ambayo msemaji wake haulizwi nia. Na yako maneno ya kinaya, ambayo hukumu yake hutegemea nia ya aliyeyasema. Kwa msemaji wa Kiswahili "nimekuacha", likielekezwa kwa mke, ni neno la wazi. "Rudi kwenu" ni la kinaya. Talaka ya maandishi nayo huangaliwa kwa nia ya mwandikaji. Na hapo ndipo penye hatari, kwani karatasi iliyoandikwa kwa haraka hufungua mlango wa kubishana, miaka mingi baadaye, juu ya nia ambayo haikuandikwa.

Kuachana, kwa kiambishi chake cha kutendana, huonyesha kwamba wawili wameshiriki tendo. Lakini katika matumizi ya kila siku maana yake ni kwamba ndoa imekwisha. Kufarakana nako hakufai. Asili yake ni mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa firaka, na neno hilo la Kiarabu Mashafii wamelihesabu miongoni mwa maneno ya wazi ya talaka. Lililo salama ni kutengana. Kutenga ni kuweka kitu kando bila ya kukiharibu: atengaye chakula hajakitupa. Hata hivyo neno peke yake halitoshi. Hati inapaswa kusema mwanzoni kabisa maneno kama haya:

"Sisi, mume na mke tuliotajwa hapa chini, tumekubaliana kuishi mbalimbali kuanzia tarehe iliyoandikwa katika hati hii. Ndoa yetu ingalipo. Hati hii si talaka, wala haikuandikwa kwa nia ya talaka."

Sentensi hizo ni fupi, na ufupi wake ni ngao.

II. Sheria inalolikubali

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayakubali mapatano ya mume na mke ya kuishi mbalimbali, na masharti yake juu ya matunzo, mali ya ndoa na watoto yana nguvu. Juu ya watoto mahakama imewekewa mlango: yaweza kubadili au kutangua yaliyokubaliwa ikiridhika kwamba kufanya hivyo ndiko kunakowafaa watoto.

Tarehe ya kuanza kutengana haifai kusahauliwa. Sheria hiyo inahesabu kutengana kwa hiari kulikodumu muda usiopungua miaka 3 kuwa mojawapo ya mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hati isiyo na tarehe huwanyima wote wawili ushahidi huo. Anayetaka talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu, hana budi kupita kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Na mbele ya baraza hilo hati iliyoandikwa vizuri husaidia kuonyesha nini kilikubaliwa na lini.

Kuhusu lugha, Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili kwa miaka mingi, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za ngazi zote, ijapokuwa Kiingereza chaweza kutumika pale haki inapodai. Maana yake ni kwamba hati iliyoandikwa Ujiji kwa Kiswahili yaweza kusomwa na kuhukumiwa katika maneno yake yenyewe, si katika tafsiri. Udhaifu wa Kiswahili cha hati hautafichwa tena na mfasiri.

III. Kiwakilishi kisichotaja mume wala mke

Katika mambo ya sarufi, kosa linaloingia kwa urahisi katika hati hizi ni matumizi ya viwakilishi. Kiswahili hakina tofauti ya mwanamume na mwanamke katika yeye, a-, -m- na -ake. Hilo ni jambo jema katika mambo mengi, lakini katika hati ya watu wawili ni mtego. Tazama sentensi hii ya kubuni:

"Akishindwa kumtunza, atamrudishia mtoto wake na vitu vyake."

Nani akishindwa? Kumtunza nani: mtoto au mke? Vitu ni vya nani? Sentensi ina makosa sifuri ya sarufi, na haisemi kitu ambacho hakimu anaweza kukishika. Dawa yake ni kurudia nomino bila ya haya: mume, mke, mtoto kwa jina lake. Mwandishi wa insha hufundishwa kuepuka kurudiarudia. Mwandishi wa hati yampasa kurudia.

Tena, nomino zenyewe zichaguliwe. Katika Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, bibi ni mke. Kwa vijana wengi wa Tanzania bibi ni mama wa baba au wa mama. "Nyumba ya bibi" iliyoko Ujiji yaweza basi kuwa ya mke au ya nyanya. Mke na mume ndiyo maneno yasiyo na shaka.

IV. Mali: vyombo, nyumba na mchango

Katika miji ya bara, mtu akiandika "vyombo ni vya mke", wote wataelewa sufuria, sahani na vikombe. Kando ya ziwa, chombo ni cha majini pia. Mume mwenye mtumbwi wa dagaa atasema hakukusudia mtumbwi; mke aliyenunua nyavu kwa fedha za biashara yake ya samaki pale Kibirizi atasema alikusudia vyote. Kwa hiyo vyombo vya nyumbani viandikwe kwa jina hilo kamili, na vifaa vya uvuvi vitajwe kimoja kimoja: mtumbwi, injini, nyavu, taa na betri zake. Kila kimoja kielezwe ni cha nani, kiko wapi, na nani atakitumia wakati wa kutengana.

Hapo panahitaji kutofautisha mambo matatu ambayo lugha ya kila siku huyachanganya: kumiliki, kutumia na kutunza. "Mume amemwachia mke nyumba" yaweza kuwa na maana ya kumpa iwe yake, kumruhusu akae, au kumkabidhi ailinde. Kitenzi kuachia kisitumike kabisa. Iandikwe: "Nyumba itaendelea kuwa mali ya wote wawili. Mke atakaa humo pamoja na watoto. Hakuna kati yao atakayeiuza, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ya idhini ya mwenzake kwa maandishi." Maneno hayo yapatana na sheria, ambayo inailinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani na mmoja bila ya ridhaa ya mwenzake. Shamba la michikichi nalo lina jambo lake: ardhi ni kitu kimoja, na mavuno ya mawese ni kitu kingine. Yafaa kusema nani mwenye shamba, na pia nani atakayevuna na kwa mgawo gani.

Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa husema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, hudhaniwa kwamba haki zao ni sawa. Lakini jina lililoko kwenye karatasi si mwisho wa habari, na hapa tunakutana na neno lililoleta maumivu mengi: mchango.

Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali baada ya talaka au amri ya kutengana, iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikata kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu mahakama iliona kwamba alitumia vibaya fedha alizopewa na mume kwa ajili ya biashara ya familia; lakini kanuni ilibaki, na imewafaa wengi waliomfuata.

Sasa, katika usemi wa watu, mchango ni fedha zinazotolewa kwa harusi, msiba au ujenzi wa shule. Mke akiulizwa, "Mchango wako katika nyumba hii ni nini?" huenda akajibu kwa unyofu, "Sikuchanga kitu." Jibu hilo ni sahihi katika lugha yake, na lampotezea haki katika lugha ya sheria. Afadhali aulizwe: "Wakati nyumba hii inajengwa, wewe ulikuwa ukifanya kazi gani?" Ndipo atakaposema kwamba alianika dagaa, alipika mawese, alilea watoto, aliwapikia mafundi. Mwandishi wa hati asiandike neno mchango tupu. Aandike kazi zenyewe.

V. Madeni

Katika madeni Kiswahili kina utata wa namna nyingine. "Deni lake" laweza kuwa deni analodaiwa au deni analodai. Mchuuzi wa dagaa aweza kuwa na yote mawili siku moja: anadaiwa na kikundi cha kukopeshana, naye anawadai wanunuzi waliochukua magunia kwa ahadi. Kwa hiyo hati iwe na orodha mbili zenye vichwa tofauti: "Madeni tunayodaiwa" na "Madeni tunayodai". Chini ya kila kichwa liandikwe jina la mkopeshaji au mkopaji, kiasi, tarehe ya kukopa, na sababu ya kukopa.

Sababu ya kukopa ndiyo kiini, kwa kuwa kifungu kile cha 114 kinataka madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili yaangaliwe. Mkopo wa injini iliyolisha nyumba nzima haufanani na mkopo wa anasa za mmoja. Msemo "deni la nyumba" uepukwe, maana haujulikani kama ni deni la kujengea nyumba au deni la matumizi ya watu wa nyumbani.

Izingatiwe pia kwamba mapatano ya wawili hayamfungi mkopeshaji. Ikiwa mume ndiye aliyekopa, na hati ikasema kwamba mke atalipa, mkopeshaji bado aweza kumdai mume. Hati itampa mume haki ya kumdai mke tu. Iandikwe wazi hivyo, asije mtu akadhani amekwisha kuvua mzigo.

VI. Watoto

Neno mtoto halina mwisho katika Kiswahili. Mtu wa miaka 40 ni mtoto wa mamaye. Na mtoto wa ndugu ni mtoto pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huhesabu kuwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Hati itaje kila mtoto kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na kama wamo watoto wa ndoa ya awali au watoto wa ndugu wanaolelewa humo, isemwe ni nani atakayewalea.

"Mtoto atakaa kwa baba" ni sentensi nyingine yenye shaka. Baba ni mzazi, na baba mdogo ni baba vilevile. Kwa baba ni nyumbani kwa mzazi au upande wa ukoo wake wote. Mtoto aweza kupelekwa kijijini kwa shangazi, na hati isiwe imevunjwa. Iandikwe basi: "Mtoto ataishi pamoja na mume, katika nyumba anayokaa mume mwenyewe."

Kuna pia dhana iliyoenea kwamba mtoto akitimiza miaka 7 ni wa baba. Kifungu cha 125 hakisemi hivyo. Kinasema kwamba jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto; tena kwamba hudhaniwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kuwa ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 kukaa na mama yake. Baada ya umri huo dhana hiyo huondoka, lakini mtoto hahami kwa nguvu ya hesabu. Maoni ya mtoto mwenyewe, akiwa aweza kuyatoa, nayo huangaliwa.

Maneno matatu yatenganishwe: malezi, yaani kumkuza na kumwongoza mtoto, kukaa na mtoto, yaani kuishi naye nyumba moja, na matunzo, yaani gharama za chakula, mavazi, masomo na matibabu. Asiyekaa na mtoto aweza kubaki na wajibu wa matunzo na sauti katika malezi. Tena, kwa mji ulio kando ya ziwa la nchi nne, liandikwe sharti la safari. Neno ng'ambo lisitumike, maana kwa mmoja ni Kongo na kwa mwingine ni Ulaya. Isemwe: "Mtoto hatatolewa nje ya Tanzania bila ya idhini ya wazazi wote wawili kwa maandishi."

VII. "Kila mwezi"

Jambo dogo la mwisho. Hati nyingi husema mume atatoa matunzo "kila mwezi". Uvuvi wa dagaa hufuata giza: taa huvuta samaki usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika. Kwa mvuvi, mwezi ni ule wa angani, na fedha huja na giza lake. Kwa shule na mwenye nyumba, mwezi ni wa kalenda. Iandikwe tarehe, au ikubaliwe wazi kwamba malipo yatatolewa mwisho wa kila giza. Isemwe pia itakuwaje ziwa likifungwa, kama lilivyofungwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaana. Mume ambaye hakuweka sharti hilo atakuwa amevunja ahadi bila ya kukusudia, na mke atakuwa na njaa pamoja na karatasi nzuri.

VIII. Mpango wa hati

Kwa muhtasari, hati yafaa kufuata utaratibu huu: majina ya mume na mke, na tarehe na namna ya ndoa yao, tamko la kutengana lisilo talaka, pamoja na tarehe ya kuanza, orodha ya mali, ikitenganisha kumiliki na kutumia, orodha mbili za madeni, watoto kwa majina, na masharti ya kukaa, malezi, matunzo na safari, njia ya kusuluhisha wakikosana, iwe kwa wazee wa pande mbili au kwa baraza, na mwisho sahihi au alama za dole gumba, pamoja na mashahidi wa kila upande.

Kabla ya kutia sahihi, hati isomwe kwa sauti, pole pole, mbele ya wote. Kisha kila mmoja aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kiha, alichoahidi na alichoahidiwa. Palipo na tofauti, lipo neno la kubadilisha, na libadilishwe siku hiyohiyo, maadamu wawili hao wangali wanakaa mkeka mmoja. Likiachwa, litatafutiwa maana na mtu wa tatu, ambaye hakuwapo walipokubaliana.